Duka la Ngazi Saba

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu Karani,

Umeondoka na kizibuo changu. Nimepekua droo zote, nimemuuliza mpaka jirani, kisha nikakumbuka nani alikuwa wa mwisho kufungua chupa hapa nyumbani. Kaa nacho. Dukani viko vingine, ingawa kile ndicho kilichouzoea mkono wangu.

Najua umechoka. Ukihamishwa kazi unahamishwa na usingizi wako. Lakini tulikubaliana pale kituoni na sitaki visingizio. Miaka tisa sasa, kila baada ya wiki mbili, tunafungua chupa moja, kila mtu anaandika kadi yake bila kuchungulia ya mwenzake, ndipo tunabadilishana. Rangi, harufu, mdomoni, na mstari wa mwisho: ni nani. Mpaka leo nacheka nikikumbuka ulivyoandika, "Ni shangazi aliyekuja kwa siku mbili, na huu ni mwezi wa tatu." Umbali usituvunjie hilo. Na kadi haisomwi kwenye simu. Simu ni ya kuulizana hali na kukata.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza huko ni kutafuta duka la mvinyo. Usiridhike na la kwanza utakaloliona. Duka zuri utalijua hivi: chupa zimelazwa, hazikusimamishwa, jua halizifikii, na muuzaji ukimuuliza maswali matatu, angalau moja anajibu "sijui." Anayejua yote anakuuzia lebo. Kisha uliza kama wana siku ya kuonja. Nenda, usione haya, simama mbele. Ndoo ya kutemea imewekwa kwa kazi hiyo, usijifanye mstaarabu ukameza kila kitu.

Tuanze na ule mwekundu wenye lebo ya punda. Huku tunao, na huko hautakosekana. Sehemu ya harufu andika kwa kirefu kuliko ulivyozoea. Maneno yako matatu hayatoshi tena, kwa kuwa hatuko meza moja.

Mimi mzima. Mafua ya Januari yalishapita, kilichobaki ni uchovu. Dukani bado wananiita Pua, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi bado nasimama mbele ya wateja na glasi mkononi, nikiwaeleza wanachonusa. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Kaka yako,
Pua


Jumapili, 17 Machi
(haikutumwa)

Kaka,

Nakuandikia ukweli kwanza, halafu nitaona kama nitautuma.

Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta. Kazini nimepangwa masjala ya hospitali, chini kabisa, chini ya ardhi. Bomba lilipasuka kabla sijaja, na mafaili ya wagonjwa ya miaka sita yakalowa. Kutwa nafungua faili, natenganisha kurasa kwa kisu cha siagi, naanika, naandika namba upya. Harufu ya karatasi iliyolowa ikavunda imeniingia mpaka kwenye nywele. Nikirudi navua viatu, nakaa kitandani, na sinyanyuki tena.

Maduka nimetafuta. Yote yako kwenye shajara, kwa tarehe na mtaa. La kwanza, tarehe 5: chupa zimesimama dirishani, jua la mchana linazipiga usoni. La pili, tarehe 9: mvinyo uko rafu moja na sabuni ya kufulia. La tatu, jana: nyuma ya soko, mlango wa kijani, chupa zimelala, ndani kuna giza zuri, na ubaoni wameandika kwa chaki, "Kuonja leo, saa kumi." Nilifika saa kumi kasoro dakika tano. Walikuwepo watu kama kumi, wamesimama wawili wawili, wanajuana. Mzee mwenye duka, amevaa aproni, akanitazama akasema, "Karibu, dada. Unamsubiri nani?"

Hakusema kwa ubaya. Miaka yote nimekuwa nikiingia nyuma yako. Nikamwambia, "Samahani, nimekosea mlango," nikageuka. Punda nilimwona kwenye rafu, kwa mbali.

Sijaonja kitu, Kaka. Nimechoka kuwa mgeni kila ninapoingia.

Mdogo wako


Jumatatu, 18 Machi

Kaka Pua,

Shikamoo. Kizibuo ninacho, na sikirudishi.

Duka nimepata. Unashuka ngazi saba kutoka barabarani, unainama kidogo mlangoni, unakuta chumba kirefu chenye baridi. Mwenyewe ni mama mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Nimempa jina Mama Ngazi. Nilimuuliza maswali matatu kama ulivyoagiza. Mawili akajibu "sijui," tena bila aibu, huku akiendelea kufuta glasi. Jumamosi kulikuwa na kuonja. Alinivutia stuli nikakaa mbele kabisa. Kadi hii hapa.

Punda. Rangi: zambarau, pembeni inaelekea kahawia. Harufu, kwa kirefu kama ulivyotaka: kwanza zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka, ukitikisa glasi inakuja ngozi ya viatu vipya, kisha mdalasini, na mwisho kabisa moshi wa kuni, lakini wa nyumba ya jirani, si wa kwako. Mdomoni: ukakasi kidogo kwenye fizi, unaondoka kwa adabu. Ni nani: mjomba mwanajeshi mstaafu ambaye kwenye harusi ndiye wa kwanza kulia.

Kazini salama. Mafaili ni mengi kidogo.

Mdogo wako,
Karani


Jumatatu, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechakaa. Jumamosi nilikuwa na wateja ishirini. Nikawafungulia punda, na ilipofika zamu ya harufu nikawasomea kadi yako kama ilivyo. Kwenye moshi wa nyumba ya jirani walicheka, halafu wakaanza kunusa kwa bidii, kila mtu anautafuta huo moshi. Wengi waliupata. Mwalimu mstaafu, unamkumbuka, mteja wangu wa tangu siku ya kwanza, akauliza nani kaandika. Nikasema mdogo wangu, karani wa hospitali. Akasema, "Basi wewe Pua una mshindani."

Kadi yangu ya mweupe wenye lebo ya mnara ni hii. Rangi: nyasi kavu. Harufu: majani ya chai, ganda la limau, na chumba kilichofunguliwa madirisha asubuhi. Mdomoni: mkavu, mwepesi. Ni nani: mwanafunzi aliyewahi shule, amekuta geti limefungwa.

Nieleze zaidi kuhusu Mama Ngazi. Anaongea vipi na wateja? Ana mtu wa kumsaidia? Ile "sijui" yake ya mara mbili imenikaa kichwani. Meneja wetu hapa anaamini mtu akisema hajui, mteja anahama.

Kaka yako,
Pua


Jumamosi, 20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Umenichekesha na nimekukamata. Nilipoisoma kadi ya mnara niliona kama naijua, nikafungua shajara. Mwaka juzi, tarehe 11 Juni: majani ya chai, ganda la limau, chumba kilichofunguliwa madirisha, mpaka na huyo mwanafunzi wako wa getini. Neno kwa neno. Umekuwa mvivu, au unanipima kama bado naandika tarehe? Naandika.

Mama Ngazi hajambo. Ana maneno machache. Mteja akijitia ujuaji anamwacha aseme mpaka achoke, kisha anamuuliza, "Na umeupenda?" Basi. Hana msaidizi. Miguu inamsumbua, na siku za kuonja anatamani mtu wa kusimama mbele kwa niaba yake. Nilimweleza habari zako, miaka kumi na tisa na jina lako la kazini. Akasema mtu kama huyo angempa aproni hata kesho. Nikaona nikuambie, ufurahi.

Ametupa kuonja mweupe wenye lebo ya kengele. Rangi: maji ya mchele. Harufu: peasi, sabuni ya kipande ikiwa bado kwenye karatasi yake, na kwa mbali asali. Mdomoni: mtamu kuliko anavyokiri. Ni nani: mhudumu wa benki siku ya kwanza ya kazi.

Mafaili ya mwaka wa pili nimeyamaliza. Bado minne.

Mdogo wako,
Karani


Alhamisi, 9 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kifupi, maana nikirefusha nitaanza kujieleza.

Naacha kazi. Barua nimeshampa Meneja, na kesho Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho. Hakunibishia. Jumamosi tarehe 1 Juni nakuja huko, basi linafika saa nane mchana. Tiketi nimekata.

Mwambie Mama Ngazi nimelikubali lile neno lake la aproni. Mwambie sihitaji kupewa cheo. Nikisimama mbele siku za kuonja, na siku nyingine nikifuta glasi, inatosha. Chumba nitatafuta mwenyewe, usihangaike.

Sikukuandikia mapema kwa sababu ungenizuia. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho kwangu mbele ya watu pale dukani, na sitaki kuieleza. Nimechoka, mdogo wangu. Tangu Machi nikifumba macho naona ngazi saba na chumba chenye baridi, na mtu anayefuta glasi bila kujifanya anajua.

Kaka yako


Jumanne, 14 Mei

Kaka,

Barua yako ilifika jana. Nikatoka masjala bila ruhusa nikapiga simu dukani. Nikapokewa na Meneja. Nikasema, mwambieni Pua asiache kazi. Akasema, "Aliondoka Ijumaa, dada. Kwani hakukueleza?" Nikasema hakunieleza nini. Akasema, "Basi atakueleza mwenyewe," akakata. Nyumbani kwako simu inaita tu.

Kwa hiyo nimechelewa, na bado lazima niandike.

Hakuna ngazi saba. Hakuna Mama Ngazi. Miwani, uzi, stuli, miguu inayouma, vyote nilivitunga nikiwa nimekaa kitandani, hata viatu vya kazini sijavua. Punda sijamwonja. Kengele nilisoma lebo yake kwenye dirisha la duka lenye jua. Peasi na sabuni ya kipande vilitoka kwenye mfuko wangu wa sokoni, ulikuwa juu ya meza mbele yangu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya tarehe 17 Machi. Ndiyo ya kweli. Niliiandika, nikaisoma, nikaona haya kukutumia mtu aliyeshindwa kuvuka mlango wa duka. Kesho yake nikakuandikia yule uliyetaka niwe. Ulivyofurahi, nikashindwa kurudi nyuma. Lile neno la aproni lilikuwa pambo. Nilitaka tu usikie mtu akikusifu.

Nimekufanya uache kazi ya miaka kumi na tisa kwa duka ambalo halipo. Sijui naomba msamaha wa namna gani, kwa hiyo siombi. Rudi kwa Meneja, mwambie ni kosa la mdogo wako. Mwonyeshe barua hii.

Karani


Jumapili, 19 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zilikuwa bahasha moja. Nikasoma kwanza ile ya Machi. Nilipofika kwenye "unamsubiri nani," nikaacha, nikaenda kufua shati ambalo halikuwa chafu.

Kwa Meneja siwezi kurudi, na wala si kwa sababu yako. Sasa sikiliza zamu yangu.

Sisikii harufu. Mafua ya Januari yalipoondoka yaliondoka na kila kitu. Nimenusa kitunguu kilichokatwa, nimenusa mafuta ya taa, nimenusa soksi zangu mwenyewe. Ni kama kunusa ukuta. Daktari anasema huenda ikarudi na huenda isirudi. Ulimi umenibakishia utamu, uchachu na ukakasi, basi. Wakati unaondoka nilikuwa tayari hivyo. Nilikupungia mkono pale kituoni huku najiuliza nitaishije kwa jina la Pua.

Ndiyo maana nilikuomba harufu kwa kirefu. Nilikuwa nakariri. Na kadi yangu ya mnara uliyoikamata, niliinakili kwenye kadi za zamani, maana mpya sikuwa nayo. Nilipoona umetaja tarehe, nikadhani umeshajua. Kisha ukaniita mvivu, nikashukuru.

Tarehe 4 Mei wateja waliomba tena punda. Nikafungua chupa, nikaweka pua kwenye glasi kwa muda ule ule ninaouweka siku zote, nikawasomea. Zambarau zilizopasuka, ngozi ya viatu, mdalasini, moshi wa nyumba ya jirani. Wakainua glasi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu mstaafu akaishusha glasi yake mezani polepole, akaniwekea mkono begani, akasema, "Pua, leo ungepumzika." Meneja akachukua glasi, akanusa, kichwa kikarudi nyuma. Kizibo kilikuwa kimeharibu mvinyo. Wanasema chupa nzima ilinuka kama tambara lililosahauliwa kwenye ndoo. Nami nimesimama mbele yao, nasifia mdalasini.

Wangenizomea ningebaki. Lakini watu kumi na wanane walinistahi. Wengine walimeza, ili nisiaibike.

Kwa hiyo hesabu zetu ziko hivi, Karani. Wewe uliandika mvinyo ambao hukuonja, mimi nikawasomea watu mvinyo ambao sikuunusa. Kati yetu wawili, kwa miezi mitatu, hakuna aliyekunywa kitu.

Ulidhani nakuja kwa ajili ya aproni. Mimi nilitaka duka ambalo mtu akisema "sijui" mara mbili hafukuzwi. Nilifikiri huyo mama akiniuliza harufu, nitamjibu hivyo hivyo, na yeye ataendelea kufuta glasi.

Tiketi bado ninayo. Sijui niirudishe au nisiirudishe. Hilo nakuachia wewe, na safari hii niandikie hata kama ni mistari miwili, lakini iwe ya kweli.

Kaka yako


Jumamosi, 25 Mei

Kaka,

Shikamoo. Ni zaidi ya mistari miwili.

Leo nilirudi kwenye mlango wa kijani nyuma ya soko. Mzee wa aproni alikuwa pale pale. Sijui kama alinikumbuka. Akasema, "Karibu, dada. Unamsubiri nani?" Nikamwambia, "Namsubiri kaka yangu. Ila leo nimekuja mwenyewe." Akasema, "Haya, sogea mbele, huko nyuma kuna upepo," akanipa glasi. Kumbe ni hivyo tu. Miezi miwili na zaidi nimeuogopa mlango huo.

Wa kwanza ulikuwa mwekundu nisioujua. Niliutema vibaya, nusu ndani ya ndoo, nusu juu ya kiatu changu. Bibi mmoja mwenye kofia akanipa leso yake, akasema, "Kiatu nacho kimeonja." Wa pili, Mzee alimimina kutoka chupa mpya huku anaongea na mtu. Nikaweka pua. Kaka, nilishtuka. Ilikuwa masjala. Karatasi iliyolowa ikavunda, ile ile ninayoitenganisha kwa kisu cha siagi kila siku. Watu walikuwa wanatikisa glasi, wanatingisha vichwa, wanasema una udongo, una uyoga. Mimi huwa sisemi mbele za watu, unanijua. Nikasema, "Samahani, Mzee, nadhani kizibo kimeuharibu."

Mzee akanusa, akanusa tena, akakusanya glasi zote akazimwaga. "Umejuaje?" Nikasema, "Nashinda humo kutwa nzima." Nikaeleza bomba na mafaili. Walicheka mpaka yule bibi akaomba arudishiwe leso yake.

Walipoondoka nikamuuliza Mzee maswali matatu. La kwanza: chupa alizoweka stoo amezipangaje? Akasema hazijapangwa, vyumba viwili, hakuna daftari, kilichoko nyuma kabisa amekisahau. Nimeona, ni kweli. La pili: nani anasimama siku za kuonja akiugua? Akasema hakuna. La tatu: je, mtu aliyefanya kazi hii miaka kumi na tisa, ambaye sasa pua yake haisikii kitu, angeweza kumtumia?

Akakaa juu ya kreti, akafikiri. Akasema, "Sijui."

Nikasubiri. Akasema, "Kwa kweli sijui, dada. Mlete nimwone."

Hakuahidi kitu, na mimi sikuahidi kwa niaba yako. Hakuna ngazi hata moja pale, unaingia tu moja kwa moja kutoka barabarani. Aproni yake ina madoa. Mafaili bado ni ya miaka mitatu, na chumba changu bado kinatazama ukuta. Nimekwambia yote yaliyopo.

Usiirudishe tiketi.

Mdogo wako,
Karani


Kadi, Jumamosi, 1 Juni, saa kumi na moja jioni
(chumbani kwa Karani, chupa imefunguliwa kwa kizibuo cha Pua)

Punda.

Rangi, kwa mwandiko wa Pua: nyekundu iliyoiva. Pembeni hakuna kahawia kabisa, Karani, ulidanganya.

Harufu, kwa mwandiko wa Karani: zambarau, kweli zipo. Ngozi hakuna. Mdalasini hakuna. Kuna kitu kama kalamu ya risasi iliyochongwa sasa hivi. Moshi nimeutafuta sana. Kaka ameniambia niache kuutafuta, niandike haupo. Haupo.

Mdomoni, kwa mwandiko wa Pua: ukakasi mwingi, unashika fizi na hauachii. Hilo nalisikia vizuri.

Ni nani, wote wawili, kila mmoja ameandika bila kuchungulia:

Pua: Sijui.

Karani: Simjui bado. Mpe kiti akae.